Mashine ya Kuoshea Gari: ya Umeme au ya Petroli?

Askari mwenzetu wa Mbarara atakaye kuoshea gari nyumbani kwa mashine ya maji ya kasi, na atazame kwanza mahali akaapo. Mjini, penye umeme na ua mdogo, ya umeme yatosha: ni nyepesi, haina kelele nyingi, wala haidai oili ya injini. Mahali pasipofika nyaya, ya petroli ndiyo ifaayo, nayo kwa kawaida huwa na nguvu zaidi. Lakini tahadhari! Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Kamwe isiwashwe ndani ya nyumba wala gereji, hata mvua ikinyesha. Tuwalindao raia tuanze na watoto wetu.