Gari la zamani, safari ya kwa bibi na giaboksi ya kuichagua

Jumamosi asubuhi, katika mitaa mingi ya Marekani, baba hufungua mlango wa gereji ya nyumbani na mtoto husimama pembeni akiwa na tochi mkononi. Ndani kuna gari lililomzidi baba umri: Chevrolet Chevelle, Pontiac GTO, Dodge Charger au Ford Mustang, la miaka ya 1960 au mwanzoni mwa 1970. Wenyewe huyaita magari ya misuli, kwa sababu kampuni zilichukua gari la kawaida zikalitia injini kubwa kupita kiasi.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Baba ana Chevelle ya 1970, injini yake imefanyiwa matengenezo makubwa na sasa inatoa nguvu za farasi kama 550. Mama ndiye anayeshika hesabu za nyumba. Kijana ana miaka 15, binti ana miaka 9. Likizo hii wameahidiana kwenda na gari hilo kwa bibi, kilomita 400 kwa barabara kuu.

Shida ni kwamba giaboksi yake ya otomatiki, Turbo 400, ina gia tatu tu. Gari la namna hii likiwa na difu ya 3.73 na matairi ya kimo cha inchi 26, kwenye mwendo wa maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112, injini huzunguka karibu mara 3,370 kwa dakika. Siyo kwa dakika mbili za kulipita lori. Ni kwa saa tatu na nusu na zaidi. Binti aliyeketi nyuma hasikii mama anauliza nini mbele, petroli inakwisha mbio, na injini iliyogharimu akiba ya miaka miwili inachakaa bure.

Hapo ndipo linapoingia suala la ovadraivu. Mzazi aliyewahi kuendesha Toyota za otomatiki za miaka ya 1990 anakijua kile kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Ndiyo hiyo hiyo: gia ya juu kabisa ambayo propela shafti huzunguka haraka kuliko injini, hivyo gari linakwenda mwendo ule ule huku injini imetulia. Kwa Chevelle yetu, gia ya nne ya 0.75 inaishusha ile 3,370 hadi kama 2,530.

Magari haya hayakuzaliwa na gia hiyo kwa sababu wakati huo petroli haikuwa kilio cha mtu. Mambo yaligeuka baada ya vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973. Mwaka 1974 Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni zikaanza kutoa otomatiki za gia nne ili kubana mafuta. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: giaboksi hizo zilitengenezwa wakati injini zimepunguzwa nguvu. Chevrolet Corvette ya 1982, gari la fahari kuliko yote ya kampuni hiyo, ilikuwa na nguvu za farasi 200, na nyuma ya injini yake ilikaa giaboksi mpya ya 700R4.

Sasa 700R4 hiyo hiyo ndiyo anayoletewa baba na rafiki zake, kwa sababu imejaa madukani na bei yake ni nafuu. Kwa injini ya kawaida ni chaguo zuri tu. Kwa nguvu 550, inabidi vipuri vya ndani vibadilishwe karibu vyote, na ukishalipia hivyo vyote, ule unafuu haupo tena. Kuna jambo la pili. Gia yake ya kwanza ni 3.06 na ya pili ni 1.63. Pengo ni pana: injini ikiwa 6,000 gia ikabadilika, inaanguka hadi kama 3,200. Gari lenye injini kali halihitaji gia ya kwanza fupi namna hiyo. Tairi za nyuma zinateleza tu na mpira unabaki barabarani.

Ya pili ni 200-4R, iliyoanza 1981. Gia zake zimepangika vizuri zaidi: 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67. Umbo lake pia linakaribiana na giaboksi za zamani, kwa hiyo kuifunga hakuna kukatakata sana. Ndiyo iliyokuwa kwenye Buick Grand National, na mafundi wanaojua kuiimarisha huifikisha mbali. Lakini neno ni hilo: kuiimarisha. Ikitoka gari chakavu ikafungwa ilivyo, haitadumu na injini hii.

Hizi mbili zina kebo nyembamba inayotoka kwenye kabureta hadi kwenye giaboksi, na hiyo kebo imewaliza watu wengi. Kazi yake ni kuiambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani ili shinikizo la oili lipande. Ikilegea au ikifungwa mahali pasipo pake kwenye kabureta, shinikizo linakuwa dogo, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Safari moja inatosha kuua giaboksi mpya. Baba asiyetaka kujifunza kuipima kebo hiyo kwa geji ya shinikizo asinunue mojawapo ya hizi.

Ya tatu ni 4L80-E, iliyoingia 1991 kwa ajili ya malori madogo na magari mazito. Kimsingi ni Turbo 400 iliyoongezewa gia ya nne na kompyuta. Gia tatu za kwanza ni zile zile 2.48, 1.48 na 1.00, ya nne 0.75. Ni nzito, ni ndefu, na inakula nguvu kidogo zaidi. Lakini kwa injini ya farasi 550 na zaidi, ikiwa gari litabeba familia, hii ndiyo ya kuanza nayo. Hata ile 0.75, ambayo kwenye karatasi inaonekana kushindwa na 0.67, inafaa: injini yenye kemshafti kali haipendi kuzunguka chini sana, na kwa 0.67 ingeshuka hadi 2,260, ikatetemeka na kugugumia.

Wenye Ford wana AOD ya 1980 na mrithi wake 4R70W. Wenye Dodge na Plymouth wana A518, inayotokana na TorqueFlite ya zamani. Kanuni haibadiliki.

Mama akiulizwa aidhinishe fedha, asiuangalie mstari wa kwanza wa ankara peke yake. 4L80-E inahitaji kompyuta yake na nyaya, propela shafti kukatwa au kutengenezwa upya, krosimemba kuhamishwa, na mara nyingi sakafu kugongwa ili ipate nafasi. Spidomita nayo itataka kurekebishwa. Kuna kipozaji cha oili, na hicho si cha kuacha, maana adui wa otomatiki ni joto. Halafu toki konvata. Iwe na klachi ya kujifunga ikifika barabara kuu. Konvata ya mashindano isiyojifunga, inayoanza kushika vizuri kwenye 3,000, ikitembea kwa 2,500 itateleza njia nzima na kuchemsha oili. Yaani baba atakuwa amenunua ovadraivu ili kutunza injini, kisha akaiunguza giaboksi.

Lipo pia swali ambalo muuzaji hatalileta: je, lazima? Ukiiacha Turbo 400 mahali pake na kubadili difu kutoka 3.73 kwenda 3.08, injini inashuka hadi kama 2,790 kwenye mwendo ule ule. Gari litapoteza mruko wakati wa kuondoka kwenye taa, na baba atanuna kidogo. Lakini kwa nyumba ambayo ada ya chuo ya kijana iko miaka mitatu mbele, ni gharama ndogo na kazi chache. Hesabu hiyo ifanywe mezani kabla ya kuagiza chochote.

Wakikubaliana kununua, ukweli kuhusu injini uelezwe bila chumvi. Vipeperushi vya 1970 viliandika farasi 450 kwa Chevelle yenye injini ya LS6, lakini enzi hizo injini ilipimwa bila mzigo wa vifaa vyake vingi. Kuanzia 1972 kipimo kilibadilika na namba zikashuka. Anayeunda giaboksi aambiwe nguvu halisi, uzito wa gari, difu na matairi.

Kijana wa miaka 15 anaweza kusaidia sana, ila asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Ziwekwe stendi nne, na giaboksi ishushwe kwa jeki yake maalumu, kwa kuwa 4L80-E ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Baada ya kufunga, kabla ya jambo lolote, ijaribiwe swichi ya usalama ya gia. Injini iwake kwenye P na N tu. Mafundi wa nyumbani huiruka kwa sababu gari linawaka hata bila hiyo, na siku moja mtoto anachezea ufunguo mkono wa gia ukiwa kwenye D. Breki ya mkono nayo ishike kweli, kwenye mteremko. Na kiti cha nyuma cha gari la 1970 kina mikanda ya kiunoni tu. Binti wa miaka 9 anahitaji mkanda unaopita begani, kwa hiyo sehemu ya bajeti iende huko kabla ya rangi na rimu.

Safari ya kwanza isiwe ya kwa bibi. Iwe ya kilomita 15 kuzunguka karibu na nyumbani, kisha kijana apime oili gari likiwa la moto, injini ikiwaka, gia kwenye P. Ikiwa bado nyekundu na haina harufu ya kuungua, Jumamosi inayofuata wanaweza kwenda kilomita 80, binti akiwa nyuma na mama akimuuliza maswali.