Mzazi Aliyeamriwa na Mahakama Kutibiwa: Jamaa Tusimvunje Moyo



Wako miongoni mwetu Unguja na Pemba wenye jamaa Marekani. Mmoja wao akitumbukia katika ulevi au dawa za kulevya, na watoto wake wakachukuliwa na serikali, habari hutufikia kwa simu. Hapo ni wepesi wa kumwambia: "Usiende mahakamani, watakudhalilisha." Nasaha hiyo inaweza kumkosesha watoto moja kwa moja.

Tufahamu mas-ala yalivyo. Katika majimbo mengi ya huko ziko mahakama za matibabu ya familia, zilizoanza miaka ya 1990. Mzazi huhudhuria tiba, hupimwa mkojo, huonana na watoto kwa ratiba na hurudi mbele ya hakimu mara kwa mara. Lengo ni watoto warudi nyumbani wakiwa salama.

Lakini muda unahesabiwa. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1997, mtoto akikaa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo kwa kawaida hutakiwa kuomba mahakama ikate haki za mzazi. Jimbo linaweza kutofanya hivyo mtoto akiwa analelewa na jamaa. Basi anayesusa miezi miwili kwa kuona haya, miezi hiyo hairudi.

Tumsaidieje?

1. Jamaa walio karibu naye wampeleke kwenye miadi, na walio tayari waombe kulea watoto.

2. Kama Kiingereza kinampa tabu, aombe mkalimani. Asitie saini asichokifahamu.

3. Akiteleza na kutumia tena, asijifiche. Amwambie wakili na mtabibu wake siku hiyo hiyo. Kuteleza kunatibika, kutoweka kunaweza kuhesabiwa kuwa amewatupa watoto.

4. Ramadhaan ikifika, asikatishe dawa kwa rai yake. Mgonjwa ana ruhusa katika Suratul-Baqarah, aya ya 184 na 185. Amuulize daktari, kisha mwanachuoni.

5. Tumsitiri. Aibu yake isiwe mazungumzo ya barazani wala ya makundi ya simu.

Tukimpigia, tumuulize: "Miadi yako ijayo lini?" Kisha tumpigie tena siku hiyo.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu na Awarejeshe watoto kwa wazazi wao katika kheri.

Wa-Allaahu A'lam.