Tundu halizibwi kwa matone

Madaktari wa retina wamelisikia swali hili mpaka wamelichoka: "Daktari, hakuna matone ya kujaribu kwanza kabla ya kupasuliwa?" Muulizaji amekwisha kuona mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho, vidoa vyeusi vimemiminika mbele yake, na sasa pazia jeusi linazidi kusogea. Hata hivyo anaomba wiki mbili za kujaribu matone.

Hakuna. Hospitalini hakuna, kwa mganga hakuna.

Tone la dawa huishia mbele ya jicho, na sehemu yake hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani. Retina, utando unaopokea mwanga, iko nyuma kabisa. Na hata tone lingeifikia, lingefanya nini? Aina ya kawaida ya ugonjwa huu, kubanduka kwa retina, huanza retina inapochanika. Majimaji ya ndani ya jicho hupenya hapo na kuibandua, kama maji yanavyobandua rangi ya ukuta. Kinachotakiwa ni kuliziba tundu.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Zamani wagonjwa wa Ulaya walilazwa kitandani wiki nyingi, macho yamefungwa, na karibu wote waliishia kupofuka. Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, alisisitiza kwamba chanzo ni tundu, akalitafuta na kulichoma kwa chuma cha moto kupitia ukuta wa jicho. Wenzake walimbishia kwa miaka, hadi mkutano wa kimataifa wa Amsterdam wa mwaka 1929 ulipomkubali. Anayeuza matone ya "kurudisha retina" leo anauza kitu kisichofikia hata kile kitanda, maana aliyelazwa angalau alikuwa mbele ya daktari.

Asali, maji ya mwarobaini na maziwa ya mama ni balaa zaidi: haviigusi retina, ila vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho ambalo kesho litahitaji kupasuliwa. Juisi ya karoti humfaa aliyepungukiwa na vitamini A. Mchaniko hauijui karoti. Matone yenye steroidi, yanayonunuliwa bila cheti, yakitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Nyuma ya swali la matone kuna hofu ambayo haitamkwi: fulani alipasuliwa, akapofuka. Ni kweli alipasuliwa, na ni kweli haoni. Kinachosahaulika ni miezi aliyokaa na pazia akizunguka kwa waganga. Seli za retina zinazopokea mwanga hulishwa na mishipa ya damu iliyo nyuma yake; zikitengwa nayo huanza kufa. Makula, kile kitovu cha retina tunachosomea na kutambulia nyuso, ndiyo yenye hasara kubwa. Akiwahiwa kabla haijabanduka, mgonjwa ana nafasi nzuri ya kuendelea kusoma. Ikishabanduka, daktari anaweza kuirudisha retina yote ukutani na mwenye jicho akabaki kuona vidole tu. Kurudi kwa retina na kurudi kwa uoni ni mambo mawili, na la pili huamuliwa zaidi na siku zilizopotea kuliko na kisu. Operesheni ya kwanza huirudisha retina kwa takriban wagonjwa 8 hadi 9 kati ya 10. Inaposhindwa, mara nyingi mkosaji ni makovu yanayoota juu ya retina na kuivuta upya, na makovu hupenda jicho lililocheleweshwa.

Sasa njia zenyewe. Mchaniko ambao haujabandua kitu hupigwa leza, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkanda wa silikoni hushonwa nje ya jicho; huenda miwani ikabadilika, wengine huona viwiliviwili. Vitrektomi, iliyoanzishwa na Robert Machemer kule Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, huondoa ute wa jicho na kuweka gesi au mafuta ya silikoni. Kwa waliopita miaka 50, mtoto wa jicho hufuata kwa wengi ndani ya miaka miwili. Mafuta huweza kupandisha presha ya jicho, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa kwa operesheni nyingine; retina za baadhi hubanduka tena hapo. Baada ya operesheni, ukiambiwa ulale kifudifudi, lala.

Mwenye gesi jichoni hapandi ndege. Aliyetibiwa Chennai asikate tiketi ya Dar es Salaam mpaka daktari ahakikishe gesi imeisha, wiki mbili hivi au hata nane kutegemea aina yake, kwani angani hutanuka na inaweza kukata damu ya jicho. Basi la Mombasa kwenda Nairobi nalo hupanda zaidi ya mita 1,600: muulize daktari kwanza. Ukipelekwa kupasuliwa kitu kingine, mtaje gesi kwa mtoa nusukaputi, kwa sababu naitrasi oksidi huivimbisha. Na jicho la pili lichunguzwe siku ileile linapochunguzwa la kwanza, hata kama halina dalili.