Awasi: Kuishi, Kuwekeza na Kusafiri Katika Uwanda wa Kano

Awasi ni kituo cha biashara kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Kericho, takriban kilomita 35 mashariki mwa jiji la Kisumu. Palikuwa makao ya iliyokuwa Wilaya ya Nyando, na tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ni sehemu ya Kaunti ya Kisumu. Kando ya lami kuna maduka, vinu vya posho, mawakala wa M-Pesa na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Anayeiacha lami kwa kilomita mbili tatu hujikuta kijijini kabisa, kwenye maboma yenye ua wa minyaa, mashamba ya mtama, mahindi na miwa, na vijia vya udongo mweusi vinavyopotea majini mvua inapozidi. Ramani huonyesha vijiji hivi viko karibu na jiji. Kinachoviweka mbali ni udongo, maji na taratibu za ukoo, na mtu asiyejifunza mambo hayo kabla ya kutoa fedha yake hupata hasara.

Uwanda wa Kano uko kati ya safu ya milima ya Nandi upande wa kaskazini na nyanda za juu za Nyabondo upande wa kusini, ukiteremka polepole magharibi hadi Ghuba ya Winam. Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda huu imelizidi kidogo tu. Mto Nyando hukusanya maji kutoka Nandi, Tinderet na Londiani, huyashusha kwa kasi, kisha hufika mahali ambapo ardhi haina mteremko wa kuyapeleka mbele. Kwa hiyo mto hufurika. Miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei, ndiyo ya hatari zaidi. Mwaka 2020 na tena mwaka 2024 maelfu ya watu wa Nyando, Kadibo na maeneo mengine ya chini walihama makwao, na ziwa lenyewe lilipanda kwa kiwango kisichoonekana tangu mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964. Bwawa la Soin-Koru, lililobuniwa ili kupunguza nguvu ya mto huu pamoja na kusambaza maji, limesubiriwa kwa miaka mingi. Mafuriko mengi ya hapa huanzia mvua iliyonyesha milimani, kwa hiyo mto unaweza kujaa hata siku ambayo Awasi hapajanyesha tone.

Kufika si kazi. Kutoka Nairobi ni safari ya kilomita zaidi ya 300 kupitia Nakuru na Kericho, na mabasi ya Kisumu yanayofuata njia hiyo hupita Awasi, hivyo abiria anaweza kushuka hapo bila kulazimika kufika jijini na kurudi nyuma. Anayekuja kwa ndege hutua Kisumu baada ya muda usiofika saa moja angani, kisha huvuka mji na kupanda matatu ya kuelekea Ahero na Awasi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, lakini njia yake hupita kaskazini, Muhoroni, Chemelil na Kibigori, kwa hiyo msafiri wa Awasi haimfai sana. Safari ngumu ni ile ya mwisho, kutoka lami hadi bomani. Wakati wa kiangazi bodaboda huimaliza kwa dakika chache. Masika, udongo mweusi hung'ang'ania magurudumu mpaka pikipiki inasimama, na abiria hushuka akavaa gambuti. Mgeni anayepanga kukagua shamba kwa kawaida huchagua Januari au Februari, kukiwa kukavu na njia zikipitika. Hapo ndipo hukosea. Shamba la Kano linapaswa kuonwa mwezi Aprili au Mei, maji yakiwa yamejitandaza na kuonyesha yanakolala.

Udongo huo ndio unaoamua pia nyumba itajengwaje. Ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake za kiangazi huweza kumeza mkono. Msingi wa kawaida ukiwekwa juu yake, kuta hupasuka baada ya misimu michache. Mafundi wanaoujua uwanda huchimba mpaka wapate tabaka gumu, au huondoa udongo mweusi na kujaza moramu iliyoshindiliwa, na gharama hiyo mara nyingi humshtua aliyezoea kujenga kwingine. Choo cha shimo nacho kina taabu yake. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa masika na uchafu huingia visimani. Ndiyo maana tangi la kuvuna maji ya paa la mabati ni kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya samani. Stima imeenea zaidi tangu mradi wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulipoanza mwaka 2015, lakini hukatika, na familia nyingi huweka sola ndogo ya taa na simu.

Malaria ipo mwaka mzima katika ukanda wa ziwa. Neti yenye dawa ni lazima, na homa haisubiriwi hadi kesho. Kisumu ni miongoni mwa kaunti nane zilizotangulia kupokea chanjo ya malaria kwa watoto, katika majaribio yaliyoanza nchini mwaka 2019. Hospitali ya kaunti iko Ahero, na magonjwa mazito hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu.

Wakazi wengi ni Waluo, na mpaka wa Kericho uko jirani, kwa hiyo Wakipsigis nao hufika sokoni na Kiswahili ndicho huwakutanisha. Boma la Kiluo lina mpangilio wake. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hukabili lango. Za wake wengine na simba, yaani vibanda vya wavulana, hufuata nafasi zake. Mke aliyeolewa huitwa kwa alikozaliwa, Nyar Alego au Nyar Ugenya, hata akizeeka. Mgeni anayehamia hujitambulisha kwa mzee wa kijiji na naibu wa chifu kabla ya kuanza shughuli yoyote. Huhudhuria matanga na kutoa mchango wake. Kijiji humpima mtu zaidi kwa matanga kuliko kwa ukubwa wa nyumba yake.

Katika uwekezaji, miwa ndiyo iliyoutawala ukanda huu tangu kiwanda cha Miwani kilipofunguliwa mwaka 1922, kikifuatwa na Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960. Wakulima wameumia sana. Miwani kilianguka, na vile vya umma vilichelewesha malipo kwa miezi na hata miaka. Mwaka 2025 serikali ilikodisha Chemelil na Muhoroni kwa kampuni binafsi, kufuatia sheria mpya ya sukari ya mwaka 2024. Muwa huchukua mwaka na nusu hivi kukomaa, kwa hiyo haumfai mwenye mtaji wa kukopa. Mpunga, kwenye miradi ya Ahero iliyoanza mwaka 1969 na ya West Kano, hurudisha fedha upesi zaidi, ila maji huvutwa kwa pampu, na bili ya stima ikishindikana shamba zima hukauka. Jambo la busara zaidi limefanyika kwenye vijiji vya Nyando ambako watafiti wa kimataifa na wakulima walianza mwaka 2011 kujaribu kilimo kinachohimili tabianchi: mbuzi wa Galla na kondoo wekundu wa Kimaasai walipandishwa na mifugo ya kienyeji, na vikundi vya akina mama vikakopeshana akiba. Mbuzi huuzwa siku yoyote karo ikidaiwa, na mafuriko yakija huhamishwa kwa miguu yake.

Ardhi ndiyo mtego mkubwa. Hatimiliki nyingi bado zina majina ya mababu waliokwisha kufa. Kwa Sheria ya Mirathi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mali yake, na anayemlipa mmoja wa warithi kwa karatasi ya makubaliano tu huwa amenunua kesi. Kisha kuna Sheria ya Udhibiti wa Ardhi: mauzo ya shamba yanahitaji idhini ya bodi, inayoombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mauzo hubatilika. Mwenzi wa ndoa lazima akubali, na kwa desturi bodi hutaka kuwaona pia watoto watu wazima. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani. Mpima ardhi naye aitwe kuthibitisha mipaka. Na makaburi yahesabiwe. Kwa Waluo mtu huzikwa kwao, kama kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno ilivyoionyesha nchi nzima mwaka 1987, na shamba lenye kaburi la baba wa watu halitamwachia mnunuzi usingizi hata akiwa na hati safi.

Kwa asiye raia, mlango ni mwembamba zaidi. Katiba ya mwaka 2010 humruhusu kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kwa shamba la kilimo bodi haiwezi kumpa idhini hata ya kukodi bila msamaha wa Rais. Kenya humtaka mwekezaji wa kigeni awe na mtaji wa dola 100,000 ili apate kibali cha biashara, na watalii wengi huomba idhini ya safari mtandaoni kabla ya kuondoka kwao. Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine anaweza kuurudisha wa kuzaliwa, kisha akanunua kama raia. Wengine hubaki na ploti za makazi au biashara karibu na lami, ambazo hazihesabiwi kuwa za kilimo, na nyumba za kupangisha walimu na maofisa hujengwa hapo.