Umeuza Mbuzi Ununue Lapi? Kwanza Soma Waranti

Msee wa Oldonyiro, usiulize bei pekee. Uliza: ikiharibika naipeleka wapi? Mara nyingi jibu ni Nairobi. Nauli hadi Isiolo, nauli tena hadi Nairobi, ulale, urudi. Hiyo doo haimo kwa waranti.

Waranti ya kampuni mara nyingi ni mwaka 1 na inashika makosa ya kiwandani tu, kama kibodi kufa yenyewe. Chai ikimwagika, lapi ikianguka kwa boda ama stima ya sola ikipanda ghafla, hapo uko solo. Ya ex-UK nayo kwa kawaida inabeba ahadi ya duka tu, so weka risiti poa. Ukiambiwa ni mpya, chukua ile namba iko chini ya lapi uweke kwa tovuti ya kampuni. Utaona waranti inaisha lini. Kuuza mtumba kama mpya ni kuvunja Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Wakikusukumia waranti ya nyongeza? Kama inarefusha tu ile ya kwanza, mimi ningekaa na ganji yangu ninunue begi ngumu ya kuzuia vumbi. Kama inashika maji na kuanguka, na lapi ni ya bei kali, lipa. Lakini waandike kwa karatasi nani analipia usafiri.