HOFU YA KUANGUKA KWA WAZEE, NA JINSI YA KUIPIMA

Wahenga walisema, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Neno hili lawahusu sana wazee wetu walioanguka mara moja, na tangu siku ile hawana raha ya kwenda kwa miguu yao. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za hofu hiyo, kwa sababu watu wengi hudhani ni uzee tu, kumbe ni jambo liwezalo kupimwa na kupunguzwa.

Kuogopa kuanguka si kosa. Katika kila watu watatu waliopita umri wa miaka 65, karibu mmoja huanguka kila mwaka. Na mzee akivunjika mfupa wa nyonga aweza kulala kitandani siku nyingi, au asiinuke tena. Basi mzee ashikaye ukuta penye utelezi atumia akili yake. Lakini hofu iliyozidi kiasi ni kitu kingine: humzuia mtu asifanye hata kazi ambazo miguu yake yaziweza.

Tuseme yuko bibi mmoja aliyeteleza kisimani. Hakuvunjika kitu, akapona upesi. Lakini kisimani hakurudi. Kisha akaacha kwenda shambani, halafu sokoni, na mwisho hata msibani haonekani. Watoto wake, kwa kumpenda, walimwambia, "Mama, kaa tu, tutakuletea kila kitu." Baada ya mwaka mmoja, akitaka kusimama magoti yatetemeka. Misuli isiyotumika hunyauka, na mguu ulionyauka hauwezi kumzuia mtu ajikwaapo. Tena mwenye hofu hukakamaa mwili na kuburura hatua fupi fupi. Hivyo hofu huzaa udhaifu, udhaifu huzaa kuanguka, na kuanguka huzidisha hofu.

Mwaka 1982 waganga wawili, Murphy na Isaacs, waliandika habari za wazee ambao baada ya kuanguka hawakuthubutu kutembea ila kwa kushikashika kila kitu kilicho karibu. Mwaka 1990 Mary Tinetti na wenzake, huko Marekani, walitunga maswali 10 ya kuipima hofu hiyo. Wataalamu wa Ulaya wakatoa maswali 16 mwaka 2005, na mwaka 2008 yakafupishwa kuwa 7.

Katika maswali hayo 7 mzee huulizwa ana wasiwasi kiasi gani wa kuanguka afanyapo mambo haya: kuvaa na kuvua nguo, kuoga, kuketi kitini na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi, kuchukua kitu kilicho juu ya kichwa chake au chini, kupanda na kushuka mteremko, na kwenda penye mkusanyiko wa watu, kama ibada au sherehe ya jamaa. Asiye na wasiwasi hupewa 1, mwenye wasiwasi kidogo 2, mwenye wasiwasi wa kutosha 3, na mwenye wasiwasi mwingi 4. Kisha hesabu hujumlishwa. Jumla ya 7 au 8 ni wasiwasi mdogo. 9 mpaka 13 ni wa kati. 14 mpaka 28 ni mwingi. Ikiwa mzee halifanyi jambo mojawapo, huulizwa angeonaje kama angelifanya. Maana mara nyingi lile aliloliacha ndilo analoliogopa.

Angalieni kwamba neno linalotumika ni "wasiwasi," wala si "hofu." Wazee wengi, hasa wanaume, huona haya kukiri kwamba waogopa. Kwa hiyo yafaa mzee aamkiwe kwa heshima, aulizwe faraghani, wala watoto na wajukuu wasimjibie.

Lakini jumla hiyo peke yake haitoshi kusema kwamba hofu imezidi. Lazima tuipime na miguu pia. Njia moja nyepesi ni hii: mzee aketi kitini, ainuke, aende hatua zake za kawaida mwendo wa mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Mtu awe karibu naye asije akaanguka, na mwingine atazame saa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yawezekana yumo hatarini, yafaa apelekwe kwa mganga.

Faida ya kupima yote mawili ilionekana katika mji wa Sydney, nchi ya Australia. Wazee 500 wenye umri wa miaka 70 mpaka 90 walipimwa wasiwasi wao, na nguvu za miili yao pia, na habari zao zikatolewa mwaka 2010. Wengi walijijua sawasawa. Lakini 54 walikuwa na miili yenye nguvu na hofu nyingi. Na 100 walikuwa na miili dhaifu na hofu kidogo. Tena ilionekana ya kuwa hofu yenyewe, mbali na udhaifu wa mwili, huongeza hatari ya kuanguka.

Basi dawa si moja kwa wote. Mwenye miguu dhaifu atafutiwe sababu: macho, dawa anazokunywa, viatu, kizunguzungu. Mwenye nguvu lakini hofu imemfunga, asikemewe wala asichekwe. Azungumze na mtu anayemwamini, na arudishwe katika kazi zake kidogo kidogo: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa jirani. Wote wawili hufaidika kwa mazoezi ya kuinuka kitini na kusimama wima karibu na ukuta, kila mmoja kwa kadiri yake. Mkongojo nao uwe wa kimo chake: mikono ikining'inia, mshikio ufike penye kifundo cha mkono.

Mzee aliyeanguka mara mbili au zaidi katika mwaka mmoja, au aliyezirai, au asiyeweza kuinuka mwenyewe baada ya kuanguka, asingoje maswali, apelekwe hospitali.

Wakubwa wa vijiji na walimu waweza kusaidia sana. Mzee aliyezoea kufika barazani asipoonekana, tusiseme tu, "Amezeeka." Twende tukamwamkie, tumwulize kilichomzuia. Na sisi tulio watoto tukumbuke kwamba kumkalisha mzazi siku zote si kumtunza. Mpe mkono, utembee naye.