Kuna filme itapita Avatar? Kwanza tujue tunahesabu nini

Kila mara filme kubwa inakaribia kutoka, mabishano yanarudi: hii njo itavunja rekodi ya Avatar? Wamoja wanasema haiwezekani tena, juu siku hizi kila mutu anatazama ku simu yake. Wengine wanajibu kwamba bei ya tiketi inapanda kila mwaka, basi ni kungoja tu. Mimi nilisoma agronomi, sikusoma sinema. Lakini swali hili ninalijua, tunalikuta shambani kila msimu. Mkulima akikuambia "mwaka huu nimevuna sana", unamuuliza kwanza: sana ya kilo, ao sana ya franka?

Tuanze na pesa. Avatar ya James Cameron ilitoka Desemba 2009, na jumla yake leo ni karibu dolari miliyari 2,92. Hazikuingia zote kwa mara moja. Mzunguko wa kwanza, pamoja na kurudishwa kidogo Agosti 2010, uliifikisha karibu miliyari 2,79. Julai 2019 Avengers: Endgame ikaipita, ikaishia karibu miliyari 2,80. Tofauti ya milioni chache tu! Machi 2021 Avatar ikarudishwa mu kumbi za China na ikakamata tena kiti chake. Septemba 2022 ikarudishwa tena, safari hii mu inchi nyingi, kabla ya filme ya pili kutoka. Kwa hiyo rekodi ilikwisha kuvunjwa mara moja, halafu mwenyewe akarudi shamba lile lile kuokota viazi vilivyobaki mu udongo. Sheria inakubali. Lakini tusihesabu kama ni msimu mmoja.

Sasa hiyo dolari yenyewe. Hapa sisi Wakongomani hatuhitaji mwalimu. Mwaka 2010 dolari moja ilikuwa karibu franka 900, na 2024 ilizunguka 2800. Mutu anayeuza gunia ya maharagi leo anashika franka nyingi kuliko zile baba yake alishika, na hakuna mwenye atasema juu ya hiyo amekuwa tajiri kuliko baba yake. Dolari nayo inashuka, ila polepole. Ku Marekani tiketi ya sinema ilikuwa kwa wastani dolari 7,50 mwaka 2009. Leo inapita 10. Ile pesa Avatar iliingiza kwanza, ukiigeuza kwa thamani ya dolari ya 2024, inazunguka miliyari 4. Maana yake, kesho filme inaweza kuingiza miliyari 3, magazeti yote yaandike "rekodi mpya", na huku viti vyenye ilijaza ni vichache kuliko vya Avatar.

Ukirudi nyuma zaidi ni mbaya zaidi. Gone with the Wind ya 1939 inakadiriwa iliuza tiketi karibu milioni 200 ku Marekani peke yake, kwa miaka mingi ya kurudishwa. Avatar kule iliuza karibu milioni 100. Ile ya zamani ilipotoka, televisheni haikuwa mu nyumba za watu, kaseti haikuwako. Unataka kuiona? Unaenda.

Lakini kitu chenye kinanivutia zaidi ni namna mavuno yaliingia. Endgame ku Marekani ilianza na milioni 357 kwa siku tatu za kwanza, ikamaliza na 858. Hiyo ni maharagi: yanakomaa pamoja, unang'oa yote, kwisha. Avatar ilianza na milioni 77 tu, ikamaliza mzunguko wake karibu milioni 750, mara kumi hivi. Hiyo ni muhogo. Unabaki mu udongo, unachimba kidogo kidogo, na mwezi wa tatu bado kuna kitu cha kuchimba. Titanic ya 1997, ya Cameron yule yule, ilikuwa vile vile: juma 15 mfululizo ikiwa ya kwanza ku Marekani.

Na muhogo unahitaji muda. Mbele ya Covid, filme ilikuwa inakaa karibu miezi mitatu mu kumbi kabla ya kuingia nyumbani. Leo mara nyingi ni siku 45, ao hata chini. Mutu anajua kwamba akingoja kidogo ataiona ku kiti chake. Kwa nini apoteze pesa ya tiketi? Avatar ya pili, ya 2022, ilifika miliyari 2,32. Ni nyingi sana, lakini ku Marekani ilizidisha mwanzo wake mara tano tu, si kumi. Mbegu ni ile ile, udongo umebadilika.

Kuna mwenye atanijibu kwamba shamba limepanuka. Ni kweli. China ilikuwa na skrini chini ya 5000 mwaka 2009. Leo zinapita 80 000. Endgame peke yake ilichukua kule zaidi ya dolari milioni 600. Ila wenye shamba sasa wanapanda mbegu yao. Ne Zha 2, filme ya katuni ya Kichina iliyotoka Januari 2025, ilipita miliyari 2, karibu zote mu China, na tiketi zaidi ya milioni 300. Ni nyingi kuliko zile Gone with the Wind iliuza Marekani! Na huku kwetu nani aliisikia? Sisi tunakodoa macho Hollywood tukingoja rekodi ivunjwe.

Halafu kuna mavuno yenye hayaandikwi popote. Avatar mimi niliiona nikiwa mtoto, ku nyumba ya video, kopi mbaya, bila ile miwani, watu wamejaa mpaka mlangoni. Tulilipa wote. Hakuna hata franka moja yetu iliyoingia mu zile miliyari 2,92.

Mukiniomba nitabiri: kwa dolari, itapitwa, labda mbele ya 2035, na filme yenye itapendwa China na Marekani pamoja, ao na Endgame yenyewe ikirudishwa mara kadhaa, juu imebakiza milioni 120 na kitu tu. Kwa filme ya kuanza na 77 na kuzidisha mara kumi, kama hizo siku 45 zinabaki, mimi siweki hata franka 500.